Dole Gumba Kwenye Fomu

Bi Sikudhani alitoka hospitali akakuta mnyororo mtupu uani. Shemeji yake alikuwa amempeleka mbwa wake kituo cha wanyama. Akaenda huko vivyo hivyo, bandeji ingali tumboni.

"Mama, ulimtoa kwa hiari yako," karani alisema, akimsogezea fomu. "Mwenye mbwa akishatia dole gumba la kulia, kisheria hana dai tena."

"La kulia?"

Hasira zikampanda. Akaubwaga mkono wake wa kulia juu ya fomu. Vidole vinne, gumba lilikatwa na mashine ya mkonge kabla karani huyo hajazaliwa.

"Haya, mwanangu, nionyeshe nililotia."

Karani akairudisha fomu upande wake. Nyuma ya mlango, mbwa aliitambua sauti, akaanza kuparura mbao kwa kucha zote.