Kabichi Zenye Matundu

Ngiri alijivunia kabichi zake zinazong'aa, zisizo na tundu hata moja. Alizipulizia dawa asubuhi, na mchana alikuwa keshaziuza sokoni.

"Mzee Ngiri," akasema Kanga mdadisi, "daktari anasema dawa hizi huenda zikaleta saratani."

"Uzushi mtupu, binti yangu!"

Kanga akaenda kumsalimia mke wa Ngiri. Nyuma ya nyumba akawakuta watoto bustanini, wakitafuna kabichi zilizotobolewa na viwavi.

"Hizi ni zetu," wakamwambia. "Za dawa ni za wateja."

Kanga hana siri. Kesho yake wanyama walifurika uani, wakicheka na kugombania zenye matundu mengi, hadi bustani ikabaki tupu.

Jioni mke wa Ngiri akapakua. "Karibu, Baba Watoto. Wanao wamekula maharage. Wewe nimekuwekea ile inayong'aa."