Bibi, Isaya na Lori

Lori la kuwahamishia watu kijiji cha ujamaa lilikuwa limeshawashwa, na bibi bado amekaa kizingitini, mikono yote miwili imeshika mwimo wa mlango.

Apolinaria, aliyekuja Usoke kwa likizo ya chuo cha ualimu, alichuchumaa mbele yake. Vidole vya bibi vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa tumbaku usiotoka hata kwa sabuni.

"Nabii Isaya alisema watu watajenga nyumba na kukaa ndani yake," bibi alisema. "Balozi wa nyumba kumi anasema ndicho hicho kijiji kipya. Padri anasema ni mbinguni. Kama ni mbinguni, niacheni niingojee hapahapa, karibu na kaburi la babu yako. Wewe umesoma. Kweli ni ipi?"

Kusema ni kijiji kungemwinua upesi, lakini Apolinaria alikuwa amekwisha kukiona: pori na vigingi. Kusema ni mbinguni, asingetoka, na mgambo wangembeba bibi mzegamzega.

"Chuoni tulifundishwa vingine, bibi. Isaya alikuwa akisema na watu wa siku zake, waliowahi kuhamishwa makwao kwa nguvu."

"Walihamishwa?"

"Mpaka Babeli."

"Kwa lori?"

"Kwa miguu, bibi."

"Maskini. Sisi afadhali. Na makaburi yao?"

"Waliyaacha."

Bibi akauachia mwimo, mkono mmoja kwanza, kisha wa pili, akaunyosha kwa mjukuu wake.

"Mwambie dereva asubiri. Nikamuage babu yako."