Udongo wa Konani

Ndeshi aling'oa mche mwingine wa stroberi. Mizizi yake ilikuwa imeoza, myeusi kama mkaa uliolowa. Katika bustani nzima, ni miche ya kona moja tu, chini ya ukuta wa nyuma, iliyobaki na mizizi myeupe.

Bwana shamba alikuwa amemwambia kwamba udongo wenye afya huponya udongo mgonjwa. Basi Ndeshi akachimba pale konani, akauchanganya udongo ule na mboji, akaugawa kwenye matuta yote tisa, kisha akatandaza nyasi kavu juu yake.

Mwezi haukuisha, miche ikanyanyuka. Akachuma matunda ya kwanza, akampelekea mama mkwe wake, Bi Namsifu, barazani.

"Umeiponyaje?"

"Kwa udongo wa ile kona, mama. Nimeuchimba wote."

Bi Namsifu alilirudisha tunda kwenye bakuli.

"Pale nilimzika mwanangu wa kwanza," alisema. "Alikufa hajapewa jina. Kwetu mtoto wa hivyo hawekewi alama, wala hatajwi. Umemweka tuta gani?"

"Yote, mama."

Asubuhi walishuka bustanini pamoja, umande haujakauka. Kwenye kila tuta nyasi zilikuwa zimebonyea mahali pamoja, padogo, kama alipolala mtoto mchanga.

Bi Namsifu alivua kanga ya mabegani, akasimama nayo mkononi, asijue aanze kumfunika yupi.