Bati Chini ya Gari

Alikuwa amelala chali chini ya gari kuukuu la baba yake, lile la kifahari lenye viti vya ngozi, akigonga bomba moja baada ya jingine kwa mpini wa bisibisi. Mwanga wa alasiri uliingia pembeni, laini kama maji yanayojaa polepole.

Mwaka mzima alikuwa akiusaka mlio uliokuwa ukitoka chini ya gari hilo. Kila alipoingia nyumbani, gari lilitetema getini kama sufuria iliyojaa vijiko.

"Umefia humo?" mama yake akauliza kibarazani. "Naona miguu tu."

"Bado napumua, mama. Ukisikia kimya ndipo uje."

Ndipo akaliona. Bati jembamba la kukinga joto la ekzosi, lile bomba la moshi, lilikuwa limeshikwa na bolti moja tu. Ya pili ilishadondoka.

"Kumbe ni wewe," akanong'ona.

Akabana bolti mpya kwa meno, akalitikisa bati ili ahakikishe. Likalia vilevile linavyolia getini.

Dirisha likafunguliwa. "Mama watoto! Fungua geti, Koroboi huyo anaingia!"

Ilikuwa sauti ya baba. Asubuhi, alipompelekea chai, baba alimwita nesi na kumshukuru kwa adabu, kama afanyavyo siku zote tangu kumbukumbu zianze kumtoka. Koroboi ni jina ambalo baba mwenyewe alimpa mwanawe huyu utotoni, kwa wembamba wake na macho yanayowaka.



Akaitema bolti kiganjani. Akalitikisa bati tena, taratibu.

"Fungueni basi," baba akasema, karibu acheke. "Mtoto kachoka na safari."