Shikamoo ya Kipanga

Alikuwako Kipanga ambaye kutwa alikuwa ni manung'uniko. "Ardhi yanivuta miguu, hewa yanizuia kifua. Zingeniacha, ningefika juani!"

"Haya, zikimbie basi," akasema Bibi Fuko, mchimba mashimo.

Kipanga akapaa mpaka hewa ikawa nyembamba. Akapiga mbawa, zisipate cha kusukuma. Ndipo ardhi ikamvuta, akaporomoka hadi kwenye hewa nzito, nayo ikamdaka mbawani, ikambeba taratibu mpaka nyumbani.

Akatua, akaishukuru hewa, kisha akainamisha kichwa mchangani. "Shikamoo!"

"Marahaba, mjukuu wangu," akaitikia Fuko kutoka shimoni.

"Uniwie radhi, Bibi, hiyo ilikuwa ya Ardhi. Kanishika miguu tangu nizaliwe. Leo na mimi nimeshika yake."