Kaka wa Riyadh

"Kaka wa Riyadh, punguza redio yako, inaleta mwangwi! Kaka wa Riyadh?"

Absalom alipunguza. Laini ilikuwa imeshakatika.

Alipiga usukani kwa kiganja. Tangu asubuhi gari lilikuwa limeegeshwa pembeni mwa mtaa wa Ghulail, Jeddah, naye akijaribu kuingia hewani kwenye Redio Ebusanda, kituo kidogo cha huko Kenya ambacho watu wa kwao Mourine hukisikiliza kwa simu popote walipo. Kila mchana mtangazaji Selipher alikuwa na kipindi cha kutafuta waliopotea. Kila mchana Absalom alitupwa nje kabla hajamaliza hata jina.

Mourine alikuwa na wiki tatu hajulikani aliko. Alitoka Riyadh na gauni lake la buluu na ndara miguuni, akapanda basi la Jeddah. Zaidi ya hapo, hakuna.

Kituo cha polisi alikuwa amekwenda mara nne. Askari aliuliza nambari ya ikama ya Mourine, kile kibali cha kuishi nchini. Absalom akaitaja yote kwa kichwa. Askari akaisoma kwenye redio yake ya begani, redio ikakoroma, mtu akajibu.

"Mafi," askari alisema, yaani hakuna kitu. Mara zote nne, mafi.

Basi akazunguka Ghulail kwa miguu na picha mkononi, dukani, saluni, kwa fundi viatu. Waafrika wenzake waliitazama picha, wakamtazama yeye, wakatikisa vichwa upesi mno. Alijua kuna wanaojua. Hilo ndilo lililomkera kuliko yote.

"Mimi nyumbani sirudi bila huyu msichana kupatikana," alimwambia muuza duka mmoja. Miaka minne hakuwa amemwona mama yake.

Saa nane na dakika kumi laini ilishika.

"Haya, uko hewani," Selipher alisema. "Unamtafuta nani?"

"Dadangu, Mourine, aliyepotelea huku Jeddah. Ni mrefu, mwembamba, ana mwanya. Mourine, kama unanisikia, hakuna aliyekukasirikia. Rudi tu." Absalom alijipangusa macho. Machozi yalikuwa ya kweli.

"Pole sana, kaka. Mama yenu anaitwa nani, tumpe moyo naye?"

"Laini inasumbua," Absalom alisema. "Tafadhali, nisaidieni tu apatikane."

Wimbo ukapigwa. Haukuwa umekwisha simu yake ilipolia.

"Usikate," Selipher alisema, furaha imemjaa. "Kuna mama amepiga kutoka huko huko Jeddah. Nawaunganisha nje ya hewa."

Sauti ya mtu mzima ikaingia. "Mwanangu, naitwa Rispah, nasuka nywele hapa Ghulail. Juzi ulinionyesha picha nikakukana. Nisamehe, sikukujua u nani. Leo nimekusikia ukilia, nikashindwa. Mourine yuko kwangu."

Absalom aliikaza simu sikioni.

"Amekuwa na homa, mwanangu, na anashtuka mlango ukibishwa. Sasa hivi amepata usingizi. Sitamwamsha. Nataka akifungua macho akuone wewe, damu yake. Njoo, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa, mlango wa kijani. Nitauacha wazi."

"Asante, mama. Mungu akubariki."

"Akubariki wewe, uliyemtafuta hivyo."

Simu ikakatika. Absalom aliegemeza paji la uso kwenye usukani, akakaa hivyo mpaka pumzi ikamtulia.

Kisha akageuka kumtazama mwanamke aliyekuwa kiti cha nyuma.

"Madam," alisema kwa Kiarabu, "mfanyakazi wako amepatikana. Sasa nipe pasipoti yangu."