Dole Gumba la Dirishani

Kisu cha Nolwenn kilisimama ghafla. Kwenye gundi kuukuu ya dirisha la mashua, kona ya chini, palikuwa na alama ya dole gumba la marehemu mumewe, na kovu lake limekatiza katikati.

"Shemeji, unakwangua au unapapasa?" mdogo wa marehemu alimtania kutoka nje. "Ikibaki gundi ya zamani, mpya haishiki. Na Jumapili wanangu watalala hapo chini ya dirisha, tukivuka kwenda kisiwa cha Ouessant."

"Nimemaliza," Nolwenn alijibu. "Pako safi kabisa."

Akapaka gundi mpya pande zote, akairuka ile alama. Shemeji akafunga kioo kipya na kukaza skrubu.

Gundi ilipokauka, shemeji alishika mpira wa maji akaanza kumwagia dirisha kwa nje. Nolwenn alikaa ndani akitazama. Tone likachomoza kwenye ile alama, likafuata mistari ya dole, likaning'inia penye kovu. Kisha likaangukia godoro la watoto.

"Vipi humo? Panavuja?"

Uso ulimwaka kwa aibu kabla hata hajafungua mdomo. Akabandika dole gumba lake juu ya lile la mumewe, akabana kwa nguvu. Maji yakamtiririkia kiganjani, yakaingia ndani ya mkono wa sweta hadi kwenye kiwiko.

"Pakavu," alisema.

"Wee! Kumbe kaka alikuachia ufundi wake!" shemeji alicheka, akafungulia maji zaidi.